Kuku Kwenye Kiti cha Dereva

Jumapili, mwezi wa saba. Kiranjeranje.

Asubuhi ilikuwa na ile baridi ya kipupwe inayomfanya mtu anywe chai huku amejifunga shuka. Mikorosho yote ililowa umande, na bati la nyumba lilikuwa likidondosha maji utadhani mvua imepita. Nilikaa barazani na kikombe changu nikilitazama banda. Nililitazama mpaka chai ikapoa. Nikasema leo basi, leo nafungua.

Nimeshaahidi humu mara nyingi kwamba nitalifungua. Wasomaji wangu, ambao kwa ninavyojua ni binti yangu Rukia na mtu mmoja anayeacha maoni ya kuuza dawa za nguvu za kiume, watakuwa wamenichoka. Niliahidi baada ya Ramadhani. Niliahidi baada ya kuvuna ufuta. Rukia ndiye aliyenifungulia blogu hii nilipostaafu kazi ya mizani kwenye ghala la korosho. Aliniambia, baba, andika, usikae kimya tu hapo kijijini. Basi naandika, na nikimaliza kuandika nyumba inakuwa kimya vilevile.

Kwa anayesoma kwa mara ya kwanza: ndani ya banda kuna Landrova 109 ya zamani, ya petroli, ya zile zilizokuwa zikibeba watu na mizigo kwenda Lindi enzi ambazo barabara haijawekwa lami na mvua ikinyesha mnalala njiani. Niliinunua ikiwa bodi tupu na injini iliyokwama. Mimi na marehemu mke wangu, Mwanahawa, tukaanza kuifufua kidogo kidogo. Nasema mimi na yeye kwa sababu rangi ni yeye aliyeichagua, kijani, na viti ni yeye aliyevishona upya kwa cherehani yake, akivunja sindano na kunilaumu mimi. Injini ilifika mahali pa kuwaka. Matairi tulikuwa bado, gari lilisimama juu ya mawe. Nia yetu ilikuwa moja tu, siku moja tuvuke mto Mbwemkuru twende mpaka Kilangala, kwao, afike kwao akiwa amekaa mbele, dirisha wazi, kila mtu amwone.

Alifariki kabla gari halijapata matairi.

Kuna jambo la kuchekesha ambalo sijawahi kuliandika humu. Jioni nyingi, baada ya swala ya alasiri, tulikuwa tunaingia kwenye lile gari na kukaa. Mimi kwenye usukani, yeye kushoto kwangu. Nilikuwa nawasha injini, iungurume pale juu ya mawe, na tulikuwa tunasafiri. Huyu ni mwanamke ambaye alinilalamikia mwendo wa gari lisilo na matairi. Tumepita kijiji hiki, polepole kuna watoto. Tumefika kile, simama nikanunue ndizi. Nami nilikuwa nasimama. Wapita njia walikuwa wanatuona wanatikisa vichwa. Sikujua wakati ule kwamba hizo ndizo safari zenyewe, kwamba hakuna nyingine zinazokuja.

Baada ya arobaini yake nilikwenda bandani nikitaka tu kuusikia ule muungurumo. Nikafungua boneti. Nikafungua kifuniko cha distributa. Kile kidude kinachozunguka ndani yake na kugawa umeme kwenye plagi, mafundi wanakiita rota, hakikuwepo. Ni kitu kidogo, kinaenea kwenye kiganja, lakini bila hicho gari zima ni chuma tu. Msibani kulikuwa na watu wengi, na wenye mikono mirefu hawakosekani. Nikajua nimeibiwa.

Niseme pia kwamba mimi ni mtu wa kuhisi nimeibiwa. Mwanahawa alikuwa akinicheka sana kwa hilo. Nikipoteza miwani nilikuwa naanza kuwataja majirani mmoja mmoja, naye ananinyooshea kidole kwenye paji la uso, ambako miwani ilikuwa imekaa muda wote. Lakini hii ya rota iliniuma vibaya. Kumuibia mtu aliye msibani! Nilifunga banda, nikaweka kufuli, na sikutaka tena kusikia habari zake.

Sasa nieleze hali yangu, maana Rukia ananiuliza kwenye simu kila wiki nami namwambia sijambo.

Upweke wa mtu mwenye majirani wema ni mgumu kuueleza. Huna wa kumlaumu. Msikitini wananipisha safu ya mbele. Nikipita kijiweni vijana wanapunguza muziki, shikamoo mzee, marahaba wanangu, na muziki unabaki chini mpaka nifike mbali. Wananiletea muhogo, wananiletea kisamvu kilichokwisha kutwangwa. Tangu msiba ule wamekuwa wema na wema wao haujapungua hata kidogo. Lakini hakuna anayenitania. Hakuna anayeniambia kofia nimeivaa vibaya. Nikisema neno la kipuuzi wanaitikia, ndiyo mzee. Nimekuwa kama ile picha ya sebuleni, inafutwa vumbi sikukuu na kurudishwa ukutani.

Jioni nasonga ugali wa mtu mmoja. Mpaka leo sijakipata kipimo chake. Unaobaki wanakula kuku.

Hata Bi Somoe aliacha. Bi Somoe ni mjane, anakaa nyumba ya pili kutoka kwangu, na ni mtani wangu. Ukoo wao na ukoo wetu ni watani tangu kwa mababu. Kama mtu anasoma hii akiwa mbali na huku kwetu, ajue kwamba mtani ana ruhusa ya kukutukana hadharani nawe huna ruhusa ya kukasirika. Miaka na miaka mwanamke huyu alikuwa akipita njia ya mbele ya nyumba yangu na kupaza sauti, "Hujafa tu?" Nami nilikuwa najibu kwamba nangoja kumzika yeye kwanza nile pilau. Aliniita mla panya, mimi na ukoo wangu wote. Mwanahawa alikuwa akicheka huko jikoni mpaka maandazi yanaungua. Baada ya msiba, Bi Somoe akaanza kunisalimia vizuri. "Salama, Mzee Bakari?" Anapita. Nikadhani ananihurumia, na nikaanza kukaa ndani saa anazotoka shamba.

Basi, leo.

Kufuli lilikuwa limeshika kutu, nikalivunja kwa nyundo. Mlango ulipofunguka harufu ya salfa ikanipiga usoni. Wakulima wenzangu wa korosho wataelewa upuuzi nilioufanya. Banda nililolifunga kwa hasira baadaye nililigeuza, kwa msimu mmoja, stoo ya salfa, ule unga wa njano tunaoupuliza kwenye mikorosho ugonjwa usiharibu maua. Mifuko ilipasuka, unga ukasambaa. Salfa ikikutana na unyevu wa masika inakula chuma na shaba bila kelele. Nyaya zote za gari zilikuwa nyeusi. Vishikio vya betri vimelika mpaka vinameguka mkononi. Ile kijani ya Mwanahawa ilikuwa imefunikwa yote na njano.

Hapo hapakuwa na mwizi wa kumsingizia. Nikatafuta matambara nikaanza kufuta.

Nilifuta mpaka jua likawa kali. Nilitoa mifuko yote nje, nikakwangua nyaya kwa msasa, nikasafisha plagi, nikamwaga petroli ya zamani iliyokuwa imegeuka gundi. Kulikuwa na raha yake, nakiri. Mikono ilikumbuka. Mahali pa kila spana palikuwa palepale, na mara mbili nilinyoosha mkono nyuma bila kutazama, nikingoja mtu anipe namba kumi na tatu. Mwanahawa alizijua spana kwa namba kuliko mimi. Mara ya pili niliuacha mkono pale nyuma muda mrefu kidogo kuliko ilivyohitajika.

Kisha nikafungua mlango wa dereva, na kitu kikanifokea.

Alikuwa kuku. Kuku wangu mwekundu, yule niliyeandika humu juzijuzi kwamba kachukuliwa na kicheche. Amekaa katikati ya kiti alichokishona Mwanahawa, amejitandaza, jicho kali, shingo imevimba. Ameingilia kwenye tundu la sakafu pale pedali zinapopita. Nilimwinua kidogo nikaona mayai. Akanidonoa kwenye kidole gumba sawasawa. Nikamrudisha, nikamwomba radhi kwa sauti, nikafunga mlango taratibu.

Kwa hiyo kicheche pia hakuwa na hatia.

Haikunizuia. Ufunguo naweza kuuzungusha nikiwa upande wa abiria. Betri, ambayo miaka yote niliiweka ndani ya nyumba, nilikuwa nimeichajisha tangu juzi na nimeshaifunga kwa vipande vya waya, petroli mpya ipo kwenye dumu, na rota Rukia alininunulia Dar akanitumia kwa basi, ndani ya kiboksi kidogo cha karatasi, na ujumbe kwenye simu: baba, sasa huna kisingizio. Matairi bado, lakini injini haihitaji matairi ili iwake. Na niseme ukweli, sikuwa na mawazo ya safari yoyote. Nilitaka sauti tu mle bandani. Nilitaka kukaa kushoto, mahali pake, injini inaunguruma, hata kwa muda wa kumaliza kikombe cha chai.

Nikatoa rota kwenye kiboksi. Nikafungua kifuniko cha distributa. Nilikuwa nimeinama, kidude kiko mkononi, nimebakiza kukichomeka tu, niliposikia mtu amesimama mlangoni.

"Salama, Mzee Bakari?"

Ni Bi Somoe, anatoka shamba, kitita cha kuni kichwani. Nikamwambia salama, karibu. Hakuingia. Alikuwa anautazama mkono wangu.

"Kumbe umenunua kingine," akasema.

"Kingine nini?"

"Hicho. Umeona bora ukanunue dukani kuliko kuja kwangu."

Sikumwelewa kabisa. Nikafikiri jua la shamba limempata. Akashusha kuni chini, na uso wake haukuwa na mzaha wowote. Nimemjua mwanamke huyu umri wangu wote na sikuwa nimewahi kuuona ule uso.

"Nimekaa nacho miaka yote hii nakungoja," akasema. "Nikisema, atakuja arobaini ikiisha. Atakuja korosho zikiisha. Kila nikipita hapa natembea polepole, labda leo ataniita. Unaingia ndani! Ukiniona tu unaingia ndani. Nikasema basi, mzee kakasirika, kaukata utani."

Nikaketi juu ya mfuko wa salfa.

Ngoja nieleze, maana hata mimi ilinichukua muda. Mtani ana kazi yake msibani. Wengine wanalia, yeye anachekesha. Anavaa nguo za marehemu, anaigiza sauti yake na mwendo wake, anazuia jeneza lisitoke mpaka apewe chochote. Na huwa anateka kitu cha mle nyumbani, kitu ambacho mfiwa hawezi kuishi bila hicho, anakitangaza mbele za watu kwamba ni mateka. Siku zikipita, mfiwa anakwenda nyumbani kwa mtani kukikomboa kwa kuku. Wanatukanana pale, wanakula, na hapo watu wanajua kwamba huyu mtu karudi miongoni mwao.

Bi Somoe aliteka rota. Alijua inakaa wapi kwa sababu mimi mwenyewe nilikuwa nimeshamringishia mara ngapi sijui, nikifungua na kumwonyesha, bila hiki gari ni chuma tu. Siku ya kumzika Mwanahawa alipanda juu ya boneti ya Landrova, mikono juu, akatangaza mbele ya waombolezaji wote kwamba Bakari hatakwenda popote mpaka aje kumwangukia. Watu walicheka mpaka wengine wakakaa chini.

Mimi sikuwepo. Nilikuwa chumba cha ndani, nimelala nimeelekea ukutani. Nakikumbuka kicheko kile. Nilikisikia kikipita dirishani na nilikichukia, na sikuuliza kilikuwa cha nini.

Hakuna aliyenieleza baadaye kwa sababu kila mtu alijua kwamba najua. Kijiji kizima kilikuwa pale, isipokuwa Rukia, aliyefika kutoka Dar tukiwa tumeshazika. Na Bi Somoe hakuweza kukirudisha mwenyewe. Mateka wa mtani harudishwi bure, kumrudisha hivyohivyo ni kusema utani kati yenu umekwisha. Kwa hiyo akakaa nacho akingoja, nami nikakaa na kufuli langu nikimlaani mwizi, na kati yetu ni nyumba moja tu.

"Bi Somoe," nikasema, "mimi nilijua nimeibiwa."

Alinitazama. Nikaona mdomo wake unaanza kutetemeka, nikadhani analia.

"Umeibiwa!" Akashika mwimo wa mlango. "Umeibiwa! Allah! Mla panya wewe, kila kitu kwako kimeibiwa! Siku ukifa utamwambia malaika umeibiwa pumzi!"

Akacheka kwa sauti yake ile ya zamani, ile inayofika barabarani. Kuku akafoka ndani ya gari. Na mimi, mtu mzima, mstaafu, mwenye safu yake ya mbele msikitini, nilikaa juu ya mfuko wa salfa nikitukanwa, na nilifurahi. Sijui kama nimewahi kuliandika neno hilo humu. Nilifurahi sana.

Akaenda kwake akarudi nacho. Kimefungwa kwenye kipande cha kanga, kinang'aa. Akasema kila mwezi alikuwa akikipaka mafuta ya nazi kisishike kutu. Rota haitakiwi kupakwa mafuta ya aina yoyote, lakini hilo nililimeza. Nikanyoosha mkono. Akauficha wake nyuma.

"Kuku wangu yuko wapi?"

"Yupo," nikasema. "Amekaa kwenye kiti cha dereva."

Akadhani natania. Akaenda kuchungulia, akadonolewa dirishani, akarudi ameridhika.

"Huyu anafaa. Lakini anaatamia."

"Nitamhamishia kwenye tenga sasa hivi, uondoke naye."

"Umhamishe ayakatae mayai? Una akili wewe? Huyo ni kuku wangu tangu sasa, usimguse. Akishatotoa, vifaranga wakishuka kwa miguu yao, ndipo nitakupa chuma chako. Na nitakuwa napita kila siku kumwangalia, maana nyie ukoo wenu nawajua. Mtamla." Kisha akatazama kile kidude kipya kilichokuwa bado mkononi mwangu, na sauti ikashuka. "Au chomeka hicho chako cha dukani, uwashe. Nani anakuzuia?"

Ilikuwa pale. Betri imejaa, petroli ipo, plagi safi. Muungurumo nilioungoja miaka yote ulikuwa mbali nami kwa kiasi cha kuzungusha ufunguo tu.

Nikakirudisha kwenye kiboksi, nikafunga, nikakiweka mfukoni. Bi Somoe alijifuta uso kwa upindo wa kanga akalalamika kwamba salfa inaingia machoni.

Kisha akafanya jambo ambalo bado sijui niliandike vipi.

Alizunguka upande wa kushoto, akafungua mlango wa abiria, akakaa. Akavuta mlango taratibu kwa heshima ya kuku. Akaweka kiwiko dirishani. Akakohoa kikohozi kidogo, kile ambacho Mwanahawa alikuwa anaanzia kila lawama.

"Bwana Bakari," akasema, na haikuwa sauti yake, "polepole bwana. Hili ni daraja la Mbwemkuru, unakimbilia wapi? Kilangala haihami." Akatengeneza mtandio begani, vilevile, kwa vidole viwili. "Na tukifika usipige honi. Watasema tumetajirika." Akatazama mbele, ukutani, kama mtu anayeona barabara. "Haya, piga. Mara moja tu."

Kumbe alikuwa anatusikia. Miaka ile yote akipita njiani na kuni zake alikuwa anatusikia, na alikuwa ameyahifadhi maneno. Akaniambia siku ya mazishi aliigiza hivihivi, akiwa amekaa palepale, na watu walilia na kucheka kwa pamoja. Aliniambia, "Nilikuigizia wewe. Wewe ndiye uliyekuwa hupo."

Nilikwenda dirisha la dereva, nikanyoosha mkono juu ya kuku, nikabonyeza honi. Haikulia. Salfa imekula waya. Nikabonyeza tena.

"Piiiip," akafanya Bi Somoe kwa mdomo.

Nilicheka, na kicheko kikageuka njiani. Nilisimama nimeegemea mlango wa ile kijani yenye vumbi la njano nikalia kwa sauti, kilio ambacho nilipaswa kukitoa miaka ile, nikiwa nimeelekea ukutani. Bi Somoe hakunibembeleza. Alibaki amekaa mahali pa Mwanahawa akitazama mbele, akanisubiri nimalize. Kuku naye alitulia.

Nilipomaliza akashuka, akajitwisha kuni zake. Rota ameondoka nayo, imefungwa kwenye pindo la kanga. Alipofika njiani akageuka na kupaza sauti, nyumba zote zikasikia.

"Mzee! Usife usiku huu! Nani atamlisha kuku wangu?"

Wale vijana wa kijiweni walipunguza muziki wasikie vizuri, na mmoja alicheka. Nilimsikia. Sikumkaripia.

Sasa magharibi imepita nami naandika hapa barazani, simu imeegemea birika. Gari halijawaka. Rukia, mwanangu, usinipigie kelele, rota yako ipo juu ya kabati, salama, sijaibiwa. Itakaa huko. Nyumba iko kimya kama jana, nisije nikadanganya watu. Chumba cha ndani ni kilekile, na upande wake wa kitanda bado siulalii. Ugali nimesonga mwingi tena. Lakini leo sikuwamwagia kuku wa nje ugali wote. Nilichukua bakuli lenye ugali na jingine la maji, nikaenda bandani, nikayaweka chini karibu na pedali ya klachi, mahali anapoweza kufika bila kuyaacha mayai muda mrefu.

Nimekuwa nikitafuta tusi la kumjibu Bi Somoe akipita kesho, na nimegundua kwamba yote nimeyasahau. Yale mazuri Mwanahawa ndiye aliyekuwa ananitungia, akininong'oneza kutoka jikoni. Itabidi nitunge mwenyewe. Nimepata moja, si kali sana, linahusu kuni zake.

Na hili nalisema humu tu: naomba mayai yale yasiharakishe kuanguliwa.

Nakwenda kuswali isha, kisha nalala. Siwezi kufa usiku huu. Nina kuku wa watu bandani.